Gari Bila Magurudumu ya Mbele

Somo: Mwanzo 45:16–28

Tunawasalimu kutoka Nyansiongo, penye mashamba ya chai na baridi ya asubuhi, karibu na mpaka wa nchi ya Abagusii na nchi ya Wakipsigis. Ninyi mlio na Biblia karibu, fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 45, tangu mstari wa 16. Ninyi mlio jikoni au zizini mkikama ng'ombe, sikilizeni tu. Habari yenyewe tutaisimulia.

Yusufu amekwisha kujitambulisha kwa ndugu zake. Farao amepata habari, naye anaamuru wapewe magari, waende Kanaani kumchukua baba yao, pamoja na wake zao na watoto wadogo. Yusufu anawaonya wasigombane njiani. Wanafika nyumbani, wanamwambia mzee Yakobo ya kwamba Yusufu yu hai, tena ndiye mkuu katika nchi yote ya Misri. Mzee hawasadiki, moyo wake unazimia. Lakini anapoyaona yale magari, roho yake inapata uhai tena.

Kwa ajili ya watoto wanaotusikiliza, tuseme mapema ya kuwa magari hayo hayakuwa matatu za abiria wala malori ya kubebea majani ya chai. Yalikuwa magari ya mbao, yenye kukokotwa na wanyama. Nasi hapa Nyansiongo tunalo gari moja la namna hiyo. Si la siku za Farao, bali ni la siku za ukoloni. Leo tunapenda kuwaeleza jinsi tulivyolitengeneza gari hilo, na jambo ambalo Mungu alitufundisha katika kazi ile, ingawa hatukuwa tumeomba kufundishwa.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba ardhi hii ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, yaliyoungana na yale ya Sotik. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini haikupita huku kwetu. Walowezi wa upande wa Sotik walipeleka mazao yao kwa magari ya maksai mpaka stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa inaitwa Kipkelion. Huko Ulaya na Marekani gari la shamba lilivutwa na farasi. Hapa kwetu farasi walikufa upesi kwa maradhi yanayoletwa na visubi na mbung'o, kwa hiyo kazi ikawa ya ng'ombe. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg mwaka 1908, walipotoka Nakuru kupanda nyanda za Uasin Gishu, mizigo yao ilivutwa na maksai. Gari kubwa la mtindo wao lilihitaji maksai 16, wawili wawili chini ya nira.

Gari letu ni dogo kuliko hayo. Wazee wanasema lilivutwa na maksai wanane. Mbele alitangulia mtoto, ameshika kamba ya ngozi iliyofungwa kwenye pembe za maksai wawili wa kwanza. Kando yao alikwenda dereva mwenye kiboko kirefu, akiwaita ng'ombe kwa majina. Mwenye shamba alikaa varandani, akihesabu magunia.

Kuanzia mwaka 1962 serikali ilianza mpango mkubwa wa makazi, ule wa ekari milioni moja. Mashamba ya walowezi yakanunuliwa na kukatwakatwa, familia zetu zikaja na mikopo yao na majembe yao. Gari likaachwa. Mwili wake ulibaki ghalani kwa mmoja wa wazee wa kanisa letu, na kwa miaka mingi kuku walitagia humo. Magurudumu mawili ya nyuma, yale makubwa, yalikuwapo, yameegemea ukutani. Magurudumu mawili ya mbele, yaliyo madogo ili gari lipate kugeuka, hayakuwapo.

Mwaka mmoja kamati yetu ya sikukuu ya mavuno ilisema, Tulitengeneze gari hili, tuliweke mbele ya kanisa, tulipakie mahindi na ndizi na wimbi, ili watoto waone jinsi mababu zao walivyofanya kazi. Sote tukakubali. Tulidhani ni kazi ya majuma matatu.

Tukaanza na mwili wa gari. Mchwa walikuwa wamekula sakafu yote, hata ukigusa ubao ulimwagika kama unga. Fundi seremala akapasua mbao za mkaratusi, akaziacha zikauke kivulini kwanza, kwa maana mbao mbichi hujikunja. Ule mti mrefu wa mbele, unaobeba nira, ulikuwa mzima. Ekseli ya chuma ilikuwa na kutu, lakini haikupinda. Tuliisugua kwa mchanga na mafuta mpaka ikang'aa.

Kisha tukaja kwenye magurudumu ya nyuma. Hapo tulijifunza ya kwamba gurudumu la mbao si kipande kimoja. Katikati pana kitovu. Kutoka kitovuni zinatoka njiti, na ncha za njiti zinaingia katika vipande vya mbao vilivyopindwa, vinavyounganishwa kufanya duara. Hakuna gundi wala msumari unaoweza kushika vipande hivyo njiani penye mawe. Kinachovishika ni pete ya chuma inayozunguka nje. Mbao zikikauka sana, zinasinyaa, pete inalegea, na gurudumu linaanza kulia kama mlango mbovu. Pete zetu zilikuwa zimelegea, hata mtoto aliweza kuzivua kwa mkono.

Tulipomaliza kuyakagua hayo, tukauliza, Na magurudumu ya mbele yako wapi? Ndipo yule mzee mwenye ghala akatazama chini, akasema, Yako ng'ambo.

Wasikilizaji wa huku wanalielewa neno hilo. Ng'ambo ni upande wa pili wa mpaka, kwa jirani zetu Wakipsigis. Si mbali. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Lakini baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, moto uliwaka mpakani kwetu, kama ulivyokuwa umewaka mwaka 1992. Nyumba ziliteketezwa pande zote mbili, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakapoteza maisha yao. Tarehe 28 Februari 2008 viongozi walitia sahihi mkataba huko Nairobi, nasi tulimshukuru Mungu kwa redio. Lakini mkataba wa Nairobi hauwezi kwenda kumsalimu jirani kwa niaba yako. Tulikutana nao sokoni Chebilat, tukauziana na kununua, tukarudishiana chenji. Kuingia nyumbani mwa mtu ni jambo lingine. Ilikuwa imepita kama miaka 10, na wengi wetu hatujavuka.

Basi kamati ikakaa. Mmoja alisema, Tufunge magurudumu ya gari bovu, kama tunavyofanya na mikokoteni yetu ya ng'ombe. Mwingine alisema, Tuyaweke matofali chini ya sehemu ya mbele, tufunike kwa majani ya migomba, nani atachungulia? Tulicheka, lakini wengi walilipenda shauri hilo. Mama mmoja wa kanisa akatuuliza kwa upole, Mnataka kuwaonyesha watoto gari, au mnataka kuwaonyesha majani ya migomba?

Hatukuwa na jibu. Tukachagua watu wanne, tukaenda.

Mzee mwenye magurudumu alitupokea vizuri. Tulimwamkia, Chamgei, naye akaitikia. Akatupa viti, akaleta mursik katika kibuyu, tukanywa. Tuliona gurudumu moja limeegemea boma la ng'ombe. La pili lilikuwa limefukiwa nusu langoni, likiwa sehemu ya ua. Tukaeleza haja yetu, tukataja bei. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa Kiswahili, Magurudumu haya siyauzi. Baba yangu alikuwa dereva wa gari hilo. Bwana shamba alipoondoka, alimpa baba magurudumu haya badala ya mshahara wake wa mwisho. Ndiyo urithi wangu. Lakini kabla ya kuzungumza habari za magurudumu, mimi nina swali. Mwaka 2008, usiku nyumba yangu ilipochomwa, ninyi watu wa kanisa mlikuwa wapi?

Wapendwa, tulinyamaza. Tungeweza kujibu kwa kuhesabu nyumba zetu zilizoungua, kwa maana nasi tulikuwa nazo. Zetu tulizijua kwa majina ya wenyewe. Za kwao hatukuwahi kuzihesabu.

Ndipo mmoja wetu, mzee wa kanisa, mtu asiyependa maneno mengi, akasimama, akavua kofia yake. Alisema, Mzee, usiku ule nilikuwa nyumbani kwangu. Niliona moshi upande wa kwako. Nilijua ni vijana wa kwetu, na wengine nilikuwa nimewafundisha shule ya Jumapili. Nilimwambia mke wangu, Waache nao waonje. Kisha nikaingia ndani, nikalala.

Ndugu msikilizaji, labda unangoja tuseme ya kwamba wale wazee wawili walikumbatiana. Haikuwa hivyo. Mwenyeji wetu alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, Nimesikia. Nendeni salama. Magurudumu leo hayatoki. Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani wenzetu wawili walimlaumu yule mzee wa kanisa. Walisema, Ulikuwa na haja gani ya kusema hayo? Umeharibu safari. Yeye hakuwajibu.

Usiku ule tulipofungua Biblia, tulisoma somo hili la leo, nalo lilitusomea sisi. Tulikuwa tumezoea kuyafurahia magari ya Yusufu kama zawadi tu. Lakini hebu tufikiri. Wale ndugu walikuwa wamemdanganya baba yao kwa miaka ipatayo 22. Walimuuza Yusufu kwa vipande 20 vya fedha, wakaichovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wakaileta nyumbani kana kwamba wameiokota. Mzee alilia, wao wakasimama pale wakimfariji. Sasa wanarudi na magari, uani pamejaa vitu vya Misri. Je, mtu aweza kumwambia baba yake, Yusufu yu hai, bila kuulizwa, Na ile kanzu yenye damu, je? Biblia haituambii maneno waliyoyatumia. Lakini tunajua jambo hili: magari yaliyomfufua Yakobo ndiyo yaliyowafunga wanawe midomo ya uongo. Furaha na ungamo viliingia lango moja siku ile ile.

Tena tukaona neno jingine. Hata baada ya hayo, woga haukuwatoka. Baba yao alipokufa, katika sura ya 50, waliogopa kwamba Yusufu atawalipiza kisasi, naye Yusufu alilia waliposema naye. Miaka mingi walikuwa wamekula mkate wake, na bado hawakuamini kwamba wamesamehewa. Basi kupatana si kazi ya siku moja, hata katika nyumba ya Yakobo. Tulipolielewa hilo, tuliacha kumlaumu mzee wetu, na tuliacha pia kumhesabia jirani yetu siku.

Ilipita miezi mitatu. Sikukuu ya mavuno ilipita bila gari. Halafu Jumamosi moja, karibu saa nne asubuhi, trekta iliingia uwanja wa kanisa, ikivuta trela, na juu ya trela yalikuwapo magurudumu mawili, na wajukuu watatu wa yule mzee, na yeye mwenyewe mbele kando ya dereva. Akashuka polepole. Akamtafuta yule mzee wa kanisa, akamwambia mbele yetu sote, Mimi nami niliuona moshi wa kwenu, mwaka 1992. Nililala vile vile. Nimekaa na neno hili muda mrefu kuliko wewe.

Hayo tu. Wakashikana mikono. Kisha akauliza, Moto uko wapi? Pete hizi haziwezi kuvaa bila moto.

Ndugu zetu, siku ile tuliiona kazi ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona maishani. Mhunzi alikata pete, akazipunguza kidogo, akaziunga tena. Tukazilaza juu ya mawe, tukazizungushia kuni na samadi kavu, tukawasha. Chuma kikipata moto hutanuka. Kilipokuwa chekundu, vijana walikibeba kwa koleo, wawili wa kwetu na wawili wa kwao, kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja, na wote wanapaswa kwenda hatua moja. Wakakivisha gurudumu, wakakipiga kwa nyundo kikae sawa. Mbao zikaanza kutoa moshi. Ukichelewa hapo, gurudumu linaungua. Kina mama wakamwaga maji, mvuke ukapanda, na chuma kilipopoa kikajikaza. Tulisikia viungo vya mbao vikilia, tak, tak, kila kipande kikiingia mahali pake. Mpaka jioni magurudumu yote manne yalikuwa imara.

Wakati wa chai yule mzee alitueleza jambo. Alisema, Baba yangu alishika kiboko, na mtoto wa kwenu alishika kamba mbele. Hawakuwa na lugha ya kusemezana ila Kiswahili hiki. Walilala chini ya gari hili usiku, mvua ikinyesha, wakielekea Lumbwa. Yule mzee mwenye ghala aliposikia, alisema kwa sauti ndogo, Mtoto huyo alikuwa baba yangu.

Gari liko sasa chini ya kibanda cha mabati kando ya kanisa. Hatukulipaka rangi nyekundu kama tulivyokusudia kwanza. Tulilipaka mafuta tu, na ubao mpya unaonekana mpya, na ubao wa zamani unaonekana wa zamani. Kibao chetu cha kwanza kiliandikwa, Gari la Mzungu. Tulikiondoa. Kibao cha sasa kinasema lilivutwa na maksai wanane, likaongozwa na mtoto wa Abagusii, likaendeshwa na mtu wa Kipsigis. Tumepatana na majirani zetu kwamba kila mwaka litakaa kwao majuma manne, na vijana wa pande mbili ndio wanaolisukuma kulivusha.

Hatutaki kuwadanganya. Yuko mama mmoja katika kanisa letu ambaye hajaja kulitazama. Alipoteza mtoto mpakani. Hupita kwa njia ya nyuma siku ya Jumapili, asilione. Hatukumlazimisha, wala hatutamhubiria juu ya jambo hili. Tunamwombea, na mara nyingine tunampelekea kuni. Majirani zetu nao wanao wenzao ambao hawajavuka kuja huku. Mungu anawajua wote kwa majina.

Basi, msikilizaji mpendwa, tuyachukue mambo mawili kutoka katika somo hili.

La kwanza: angalia gari lako. Labda ni nyumba yako, labda ni ndoa yako, labda ni kanisa lenu. Mwili upo, magurudumu ya nyuma yapo, mmeweka matofali mbele na kuyafunika kwa majani ya migomba. Wageni wanasifu. Lakini wewe unajua haliendi. Je, magurudumu ya mbele yako kwa nani? Ni ndugu gani uliyeacha kumtembelea? Bwana wetu alisema, katika Mathayo 5:23 na 24, kwamba ukikumbuka madhabahuni ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako, uende upatane naye kwanza. Hakusema, kama wewe una neno juu yake. Alisema, kama yeye ana neno juu yako.

La pili: ukienda, peleka ukweli kabla ya bei. Sisi tulikwenda na fedha mfukoni. Jirani yetu hakuzitaka. Alitaka kujua tulikuwa wapi. Mtume Paulo, katika waraka kwa Waefeso 2:14, asema Kristo mwenyewe ndiye amani yetu, aliyekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Alikibomoa kwa mwili wake msalabani, hakukifunika kwa majani. Naye ndiye awezaye kuvishika vipande vya namna nyingi vikawa duara moja. Moto upo katika kazi hiyo, na maji yapo. Usikimbie.

Na kama ukienda ukarudi mikono mitupu, usikate tamaa. Umekwisha kufanya sehemu yako ya kwanza. Mngoje jirani yako, na huku ukingoja, tengeneza sakafu.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, wewe uliyeirudishia uhai roho ya mzee aliyekata tamaa, utuhurumie sisi tuliouona moshi tukalala. Uwaponye waliochomewa, huku na ng'ambo. Uwafariji kina mama ambao watoto wao hawatarudi. Utupe kinywa cha kusema kweli, na miguu ya kwenda kwa jirani, na subira ya kungoja. Utushike pamoja kwa upendo wako, tusitawanyike njiani. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.